Pasi Ibaki, Chuma cha Chapati Kiende: Vifaa vya Nyumbani kwa Anayehama Zanzibar

Nyumba inayoaga mtu huwa na sura moja, iwe Mwanakwerekwe au Wete. Begi liko wazi katikati ya ukumbi, mizani ya kuning'iniza iko juu ya kiti, na kila anayepita anatia kitu. Mama katia blenda. Shangazi kaleta pasi mpya, bado imo kwenye boksi lake: "Chukua, mwanangu, huko utaipata wapi?" Pasi ataipata kwenye duka la kwanza atakaloingia. Asichokipata kirahisi ni kile ambacho hakuna aliyekumbuka kukitia.

Tumevipitia hapa vifaa vinavyogombaniwa zaidi siku hizo za kufungasha, na kila kimoja tumekiuliza maswali mawili: huko kitafanya kazi, na je, kinastahili kilo zake? Mashirika mengi ya ndege yanahesabu begi moja kilo 23, na hata ukilipia ziada, begi la zaidi ya kilo 32 kwa kawaida halipokewi. Kwa hiyo kila kilo ya bati na plastiki ni kilo ya bizari, dagaa na nguo uliyoiacha nyuma.

Kabla ya yote, pindua kifaa usome kibandiko chake. Kwenye pasi kiko kisiginoni, pale inaposimamia. Kwenye blenda kiko chini ya kitako. Kwenye friji mara nyingi kimo ndani, ubavuni mwa droo ya mboga. Kwenye chaja ya simu herufi ni ndogo hadi uzipige picha uzikuze. Tafuta namba mbili: yenye V, ndiyo volti, na yenye Hz, ndiyo mizunguko ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu, Unguja na Pemba, ni volti 230, Hz 50. Kibandiko kikisema 100–240V, 50/60Hz, kifaa hicho kinakula umeme wa popote. Kinachohitaji ni plagi ya kuingia ukutani tu. Chaja za simu na za kompyuta za mkononi karibu zote ziko hivyo, na TV nyingi za kisasa pia. Kikisema 220–240V, 50Hz, basi nchi unayokwenda ndiyo itakayoamua.

Anayekwenda Maskati, Dubai, Doha au London kazi yake nyepesi. Volti ni zile zile au zinapishana kidogo tu, Hz ni 50, na soketi ni ile ile ya matundu matatu ya pini bapa. Blenda iliyonunuliwa Mlandege inachomekwa Matrah kama ilivyo.

Saudia ndiyo inayowaghilibu watu. Plagi ni hiyo hiyo ya pini tatu, inaingia bila taabu, lakini umeme wao ni Hz 60. Tundu likiikubali plagi, mtu hudhani na umeme umekubali. Pasi na birika havijali Hz. Waya wa moto, ule unaopata joto ndani yake, ni waya wa moto. Anayejali ni kitu chenye mota ya kawaida au transfoma ndani: feni itazunguka kasi zaidi, kompresa ya friji itakimbia kwa karibu moja ya tano ya ziada na kupata joto isilolizoea, na maikrowevu iliyoandikwa 50Hz peke yake isichomekwe kabisa. Hata saa ya oveni inayohesabu mizunguko ya umeme itakimbilia mbele dakika 12 kila saa moja. Halafu ziko nyumba za zamani huko zilizofungwa umeme wa volti 127, kwa hiyo uliza kabla ya kuchomeka.

Denmark, Sweden, Ujerumani, Uholanzi na Uturuki zina volti 230 na Hz 50 kama sisi, tofauti ni pini za duara. Kanada na Marekani ni ulimwengu mwingine: volti 120, Hz 60, pini bapa nyembamba. Hapo ndipo mabegi yanapojazwa vitu vya bure.

Chukua birika la umeme la wati 2000 lililotengenezwa kwa volti 230. Lipeleke Toronto, lipatie plagi, lichomeke. Litawaka, taa yake itang'aa, na mtu ataona mambo sawa. Lakini umeme ukishuka karibu nusu, nguvu ya waya wa moto haishuki nusu, inashuka hadi robo na kidogo, kwa sababu volti na ampea (kiasi cha umeme kinachopita) zote mbili zimepungua kwa pamoja. Wati 2000 zinakuwa kama 540. Lita moja na nusu iliyokuwa ikichemka dakika nne au tano hapa itahitaji zaidi ya robo saa. Pasi ya wati 1000 itabaki na wati 270, joto la kulainisha kitambaa cha nailoni, si la kunyoosha kanzu ya pamba. Rais kuka ndiyo mbaya kupita zote, kwa kuwa haikwambii kuwa imeshindwa: maji yanapata moto, hayachemki sawasawa, na mchele unavimba ukawa uji wenye kiini kigumu. Na wali wa nazi, hata penye umeme wa kutosha, rais kuka huuzima mapema. Kidude chake cha joto kilichoko chini kinasubiri maji yaishe ili kipite nyuzi 100 na kuzima, na tui likishatulia chini likaanza kushika, kidude kinadhani wali umeiva. Ukiipeleka Maskati au London, koroga mara moja katikati, au tia tui zito mwishoni.

Kinyume chake ni hatari zaidi, na kinahusu wale wanaotuma vitu nyumbani. Kifaa cha kupashia moto cha volti 120 cha wati 1000, kikichomekwa Chake Chake kwenye volti 230, kinajaribu kuvuta karibu wati 3,700. Hakiharibiki polepole; kinaungua hapo hapo, na kikikuta ekstensheni nyembamba, na yenyewe inaungua nacho.

Hapo muuzaji atakwambia: nunua transfoma, ya kupandisha au kushusha volti. Tumekipa kifaa hiki alama ya chini kuliko vyote kwa matumizi ya jikoni. Transfoma ya kweli, ile yenye chuma na koili ndani, inayoweza kubeba wati 2000 ni mzigo wa kilo kumi na zaidi, na upande wa volti 120 inavuta karibu ampea 17. Soketi za kawaida za Kanada na Marekani zimewekewa swichi ya ampea 15. Yaani utabeba jiwe, ulichomeke, na swichi ya nyumba ianguke. Vile vidude vyepesi vya kiganjani vinavyouzwa kwa jina la "kubadilisha umeme" ni vibaya zaidi: vimetengenezwa kwa vitu vya waya wa moto peke yake, tena kwa dakika chache, na ukichomekea kitu chenye saketi ndani, kama mashine ya sukari ya mgonjwa au chaja ya mashine ya kunyolea, unaweza kukiua. Transfoma ina maana kwa kifaa kimoja cha thamani kinachokula umeme kidogo, mfano cherehani ya wati 100. Hapo chukua transfoma ya wati 200 au 300, si ya 100, kwa sababu mota inapoanza huvuta zaidi ya ilivyoandikwa. Jua tu kwamba Hz haibadiliki. Hakuna transfoma inayogeuza 60 ikawa 50.

Blenda inastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndiyo kifaa cha umeme ambacho nyumba nyingi za kwetu haziwezi kukaa bila yake: tui, bizari, pilipili, juisi ya ukwaju, mchele wa vitumbua. Mota yake ni ya kaboni, ile inayotoa cheche ndogo za buluu ukichungulia matundu ya chini, na mota ya namna hiyo haijali Hz. Inajali volti. Kwenda Uingereza, Omani au Denmark, beba bila wasiwasi. Kwenda Kanada, iache: kwa volti 120 itazunguka kiuvivu, mtu ataongeza nazi na kusukuma kwa mwiko, mota itashikwa, na iliyoshikwa haipozwi na feni yake tena.

Lakini blenda ipi? Ile inayokubeba mbali ni yenye jagi la kioo au la plastiki ngumu, kisagio kidogo cha bizari pembeni, na kiungo cha chini ambacho unaweza kukinunua peke yake. Kiungo hicho, ile nyota ya mpira inayoshika jagi na mota, ndicho kinachokwisha kwanza. Dalili yake ni mota kulia huku visu vimesimama, na unga mweusi wa mpira kwenye kitako. Wa pili kwisha ni mpira wa duara chini ya visu. Mpira huo ukichoka, tui linavuja likaingia kwenye mota, na tui likikauka ndani yake linanuka na kupitisha umeme pasipotakiwa. Kabla ya safari nunua viwili viwili vya kila kimoja hapa hapa, uzito wake ni wa gramu chache. Muundo unaouzwa Darajani mara nyingi si ule unaouzwa Ulaya, hata kama jina lililoandikwa mbele ni moja, na huko utaambiwa ununue blenda nzima. Jagi la kioo livulie visu, liviringe kanga ndani na nje, lilale katikati ya nguo. Visu viende kwenye begi la chini la ndege. Ukivitia begi la mkono vitaishia kwenye kapu la wakaguzi.

Friji, mashine ya kufulia na oveni tutavipitia haraka: acha. Hata anayehama na kontena zima afikirie mara mbili. Friji za kwetu nyingi zimeandikwa T au ST kwenye kibandiko, yaani zimejengwa kwa chumba chenye joto la nyuzi 16 hadi 43, au 16 hadi 38. Ukiiweka kwenye stoo ya baridi Ulaya wakati wa kipupwe, friji inaona pameshapoa, kompresa hailii, na friza nayo, inayotegemea kompresa hiyo hiyo, inayeyusha nyama yako. Watu huita fundi wakidhani gesi imeisha. Mashine ya kufulia ina zege au chuma kizito ndani cha kuizuia isiruke, na ikisafiri bila zile bolti nne za kufunga pipa, inafika na springi zimevunjika.

Jiko la gesi nalo liache, tena kwa sababu mbili. Ndege haipokei mtungi, na jiko lililokwisha kutumika likinuka gesi linaweza kurudishwa. Pili, gesi ya mtungi na gesi ya bomba la mtaani la Uingereza si moja. Matundu ya jiko la mtungi ni madogo. Ukiliunganisha na gesi ya bomba unapata mwali mdogo usiochemsha kitu. Jiko la bomba likiwekwa kwenye mtungi ndiyo balaa, mwali unapanda juu na kutia masizi. Kubadilisha matundu ni kazi ya fundi mwenye kibali, na huko sheria haina mzaha.

Stabilaiza, ile ya kutuliza umeme unaopanda na kushuka, ipo kwenye begi la wengi kwa mazoea. Asiyeelewa kwa nini Mzanzibari anaipenda akumbuke Mei 2008, Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini kutoka bara ulipokuwa na hitilafu. Umeme ukirudi, hurudi kwa kishindo, na friji ngapi ziliondoka siku hizo. Lakini Maskati au Copenhagen stabilaiza ni kilo tatu za kumbukumbu. Mwachie anayebaki na friji.

Sasa vile visivyo na waya, ambavyo ndivyo tulivyovipa alama za juu.

Chuma cha chapati kinakwenda. Ulaya vikaango vingi vya madukani vina utando usiotaka moto mkali, na chapati bila moto mkali inakauka kabla haijapata madoa. Kitu cha kuangalia ni jiko utakalolikuta. Fleti nyingi za Ulaya zina majiko ya kioo cheusi, na mengine hayawaki kwa moto wala koili nyekundu bali yanapasha chuma kwa nguvu ya sumaku. Juu ya jiko kama hilo sufuria ya alumini inakaa baridi kama ilivyo, hata ukiliwasha lote. Ndiyo sababu sufuria zetu zinazong'aa, pamoja na mapenzi yote, hazistahili kilo zake. Chukua sumaku ya mlango wa friji uibandike chini ya chombo: ikishika, kinafaa, ikianguka, kiache. Chuma cha chapati cha kweli kinashika.

Jaribio la pili ni la usawa. Kiweke chuma juu ya vigae vya ukumbini, ubonyeze ukingo kwa kidole. Kikibembea, jiko la kioo litakipasha upande mmoja na chapati itaungua nusu. Kikitulia, kisugue, kikaushe juu ya moto, kipake mafuta kidogo na ukifunge gazeti, maana unyevu wa safari unatosha kukitia kutu. Huko, kipashe polepole kwa namba za katikati. Ukianza na moto wa mwisho, bamba jembamba linajikunja kwa dakika moja na halirudi. Na ukinyanyue, usikiburute, kioo kinachanika mistari.

Chuma cha vitumbua kina mashaka zaidi. Vile vishimo vyake vinagusa jiko la bapa kwa ncha tu, kwa hiyo chini kunaungua na ukingo unabaki mbichi. Kinafaa kwa mwenye jiko la gesi, basi. Mkate wa kumimina hauna shida. Oveni ya huko, moto wa chini na juu, inaufanya vizuri kuliko makaa juu ya kifuniko, ingawa wazee hawatakubali.

Mbuzi ya kukunia nazi? Inategemea unakwenda wapi. Ulaya na Kanada nazi iliyokunwa na kugandishwa inauzwa kwenye maduka ya Waasia, na watu wengi huishia humo. Ila asiyetaka tui la kopo achukue mbuzi ya kukunja, ulimi wake aufunike kwa katoni mbili na kuufunga kamba, iende begi la chini. Anayekwenda Australia aitaje kwenye fomu ya forodha, kwa kuwa vitu vya mti huko lazima vitangazwe. Kifumbu ni chepesi, kitie tu, kiwe kimekauka.

Seredani hapana. Makaa ndani ya fleti iliyofungwa madirisha kwa baridi yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, na imeua watu usingizini. Hata pasi ya mkaa, ambayo kwa haki ndiyo pasi pekee isiyouliza volti wala Hz, ibaki nyumbani kwa heshima zake.

Limebaki suala la plagi. Ile "adapta ya dunia nzima" yenye vitufe vya kusukuma pini nje ni nzuri kwa chaja uwanja wa ndege, si kwa nyumba ya kuishi. Nyingi hazina njia ya waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja, na zimeandikwa ampea 6 hadi 10. Pasi ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9 mfululizo. Adapta itapata moto, plastiki italegea, na kifaa chenye mwili wa chuma kikipata hitilafu hakuna waya wa kukuokoa. Ukishafika Ujerumani au Sweden, la nafuu na salama ni kukata plagi na kumpa fundi aweke ya huko yenye ethi. Denmark ina ethi ya namna yake, pini ya tatu. Plagi ya Kijerumani inaingia lakini ethi haigusi.

Kwa Uingereza plagi inaingia, ila ifungue kwanza. Ndani inatakiwa iwe na fyuzi: ampea 3 kwa vitu vya hadi wati 700 hivi, ampea 13 kwa pasi na birika. Zile plagi nyepesi zinazouzwa barazani mara nyingine hazina fyuzi kabisa, au pini zake mbili za chini hazina ule mkono wa plastiki nusu ya urefu. Hizo zikate.

Betri za kuchajia simu ziende begi la mkono, kamwe si la chini. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100. Betri iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inapita.

Na friji inayobaki kwenye nyumba tupu: ichomoe siku moja kabla ya safari, iyeyuke, ipanguse kwa maji ya ndimu na magadi, ikauke. Kisha mlango uupachike kitambaa kilichokunjwa ili usijifunge. Kwa unyevu wa kwetu, iliyofungwa ndani ya wiki mbili inaota ukungu kwenye mpira wa mlango, na harufu ile haitoki hata ukirudi.